Kijana Aliyekataa Kushusha Mizigo

Mimi kompyuta sikuitafuta. Iliniingilia maisha pale mwanangu alipofungua duka la kupiga taipu hapa Garissa mjini, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, akamkalisha mjukuu wangu wa kike, binti wa marehemu kaka yake, kwenye mashine. Huyo msichana nimemlea mimi tangu alipoachishwa ziwa. Ana akili kali, anaandika barua za wakubwa bila kuangalia vidole. Nasema hivyo, na atakayenuna anune. Lakini msichana hawezi kuachwa peke yake dukani, wanaume wanaingia na kutoka. Basi nikawekwa mimi pembeni, juu ya kigoda, na chupa yangu ya chai ya maziwa ya ngamia, nilinde.

Nililinda nini? Nililinda mchezo.

Kazi ikipungua baada ya adhuhuri, na jenereta bado inanguruma uani, walikuwa wanafungua mchezo wa kujenga dola. Wachezaji walikuwa watatu kwa mashine moja, wakipokezana kiti. Mjukuu wangu. Mwalimu wa sekondari, mtu wa bara aliyeletwa huku na serikali, hana mke wa kumpikia wala pa kwenda. Na kijana mmoja mwenyeji wa Modogashe, karani wa ghala la chakula cha msaada. Huyo hakufuata mchezo. Hata mbuzi waliopita mlangoni walijua amemfuata nani.

Mchezo wenyewe uko hivi. Unapewa watu wachache na mkokoteni katikati ya giza. Dunia yote nyeusi, unaona pale uliposimama na pembeni kidogo tu. Unacheza zamu yako, unampisha mwenzako. Ukipenda mahali, unawaambia watu wako washuke, na mji unasimama. Mji ndio unaozaa kila kitu: askari, barabara, wahamiaji wengine wa kwenda kujenga mji wa pili. Bila mji huna kitu. Na zamu zikizunguka, mashine inakula miaka kama ng'ombe aliyefungiwa ndani ya ghala la mahindi.

Mjukuu wangu alishusha watu palepale aliposimama, zamu ya kwanza, hata macho hakupepesa. Mji ukizaa wahamiaji, anawapeleka hapo jirani, wanashuka, unasimama mwingine, na mwingine, imebanana kama vibanda vya boma moja.

"Utakosa nafasi," mwalimu akamwambia.

"Nitachukua yako."

Mwalimu yeye alijenga mji mmoja, akafyatua askari. Askari, askari, raia wanalala njaa. "Shosho, vita kwanza, shamba baadaye," akanieleza, shosho kwao ni bibi, kama vile ananifundisha darasani.

"Ndiyo maana huna mke," nikamwambia. Alicheka mpaka akakohoa.

Na kijana wa Modogashe? Alihama.

Mwanzoni nilimsifu. Kwetu wafugaji, familia haihami kabla mtu hajatangulia kuangalia mvua imenyesha wapi, majani yakoje, kisima kina maji gani. Mtu huyo tunamwita sahan. Mwenye akili hashushi mizigo ya ngamia mahali asipopajua. Kwa hiyo nilipomwona anauvuta mkokoteni wake polepole gizani, nikasema moyoni, huyu amelelewa.

Akafika mtoni. Mto mzuri. "Hakuna kilima," akasema, akapita. Akafika kwenye kilima. "Mto uko mbali." Akafika mahali pana mto, pana kilima, pana majani yanayofika mtu kifuani. Nikajikuta nimeinuka.

"Hapa!" nikamwambia.

"Ngoja nione ng'ambo ile, ayeyo," akasema, maana bibi kwetu ni ayeyo. Ng'ambo ile kulikuwa na mchanga. Akarudi, akakuta mjukuu wangu ameshajenga pale. Nusu ya kioo ni miji ya msichana, mwalimu ana wapanda farasi, na yeye bado ana mkokoteni. Akashindwa. Kesho yake wakaanza upya, naye akahama upya. Wiki baada ya wiki! Nilitamani kumnyang'anya ile mashine niibonyeze mwenyewe.

Ningecheka, lakini kulikuwa na mfanyabiashara wa Liboi, mtu mzima aliyefiwa na mkewe, mwenye malori. Alikuwa ameshamwomba mwanangu ruhusa ya kuleta wazee wake wamposee msichana, na mwanangu hakuwa na sababu ya kumkatalia. Mjukuu wangu hakumtaka. Alimtaka huyu wa mkokoteni, aliniambia kwa mdomo wake tukikunja nguo.

"Basi alete wazee," nikasema.

"Anasema nisubiri."

"Usubiri nini?"

"Kwanza apate cheo. Akapata. Kisha apate kiwanja. Akapata. Sasa anasema mvua inyeshe, ngamia wa baba yake wanenepe."

Niliuma meno. Mto, kilima, ng'ambo ile!

Mwanangu akawapa wazee wa Liboi siku, Alhamisi. Jumatatu kijana akaja kama kawaida, akashika zamu yake, akaanza kuvuta mkokoteni. Mjukuu wangu siku hiyo hacheki, anabonyeza tu.

"Shusha mizigo!" nikapiga kelele.

"Ayeyo, kidogo tu, naona kama mbele kuna..."

"Kuna nini? Kuna pepo? Sikiliza. Alhamisi wazee wa Liboi wanakuja kumposa huyu, na baba yake mdogo atawakubalia. Unamtaka, lete wako kabla yao. Humtaki, toka, kiti hicho ni cha wateja."

Mwalimu akainuka, akasema anaenda kuangalia jenereta. Jenereta haikuwa na shida yoyote.

"Sina kitu cha kutosha," kijana akasema, chini kwa chini.

"Mimi nimekuuliza cha kutosha lini?" Mjukuu wangu huyo, bila kugeuza kichwa.

Kijana akaondoka, zamu yake hajaimaliza. Jumanne hakuonekana. Jumatano mchana, lori la Modogashe likasimama nyumbani kwetu na wazee wakashuka kutoka juu ya magunia, ndevu za hina zimejaa vumbi. Mwanangu akawatandikia mkeka. Sisi wanawake tukakaa nyuma ya pazia.

Wakanywa chai. Wakaulizana mvua, mifugo, barabara. Kisha ami yake kijana akakohoa, akasema, "Sisi leo tumekuja kuangalia tu. Tutarudi mvua ikinyesha."

Ya Rabbi! Nikajua kijana ameitoa wapi tabia yake.

Mwanamke hasemi pale. Nilitoka nikasema. "Mzee, hii ni nyumba, si malisho. Ombeni, au mmalize chai mwende salama." Mwanangu akafunika uso kwa mkono.

Kijana alikuwa amechutama mlangoni, mahali ambapo mwenye kuposewa hata hakai. Akasema mbele ya wazee wake, "Ami, niombee sasa."

Mzee akamtazama kama ndama aliyesema. Kisha akatema mate pembeni, akakunjua viganja, akamwomba msichana. Fatiha ikasomwa. Mwanangu akaanza kuwaza atamwambia nini mtu wa Liboi, na hilo nilimwachia mwenyewe.

Nyuma ya pazia mjukuu wangu alikuwa analia na kunifinya kwa pamoja. "Ayeyo, umeniaibisha mbele ya wakwe."

"Nawa uso," nikamwambia, "upeleke sukari. Wale watu wametoka mbali."