Jina la Wakili kwenye Simu ya Mama

Nikiri kwanza upumbavu wangu: mimi ndiye niliyefuta jina la wakili kwenye simu ya mama nikaandika "Arbab". Arbab ndiye bosi wake kwenye duka la dobi hapa Al Barsha, na kila anayefanya kazi Dubai anajua kuwa siku ya mapumziko simu ya arbab haipokelewi. Ukipokea tu, khalas, umerudi zamu. Nilitaka nicheke mama akishtuka. Kisha nikasahau. Nina miaka kumi na sita, na kusahau ndicho kipaji changu.

Nilikumbuka Jumanne, siku ya rufaa ya mjomba.

Mjomba, kaka yake mama, alihukumiwa kunyongwa kule nyumbani. Aligombana na mtu kilabuni, yule mtu akampiga kigoda cha uso, mjomba akamrudishia kwa kigoda hichohicho, mara moja. Kesho yake mtu akafa. Jaji alipowaelekeza wazee wa baraza, wale raia wanaokaa naye kutoa maoni, aliwapa njia mbili tu: ameua kwa kukusudia, au aachiwe. Kuua bila kukusudia hakukutaja kabisa. Rufaa nzima ilikuwa hiyo.

Nakala halisi ya kesi tulikuwa nayo sisi, wakili alikuwa na fotokopi tu; tuliiweka kwenye sanduku chini ya kitanda, maana kwa bibi panya walishaanza kuisoma.

Saa nne kasorobo asubuhi mama alikuwa amekaa kitandani, simu mapajani, anamsubiri wakili. Ikaita. Akaitazama, akaigeuza kifudifudi.

"Leo hata duka liungue."

Ikaita tena.

"Mama, pokea."

"Nimwambie nini? Ruhusa nilishaomba."

"Mama... huyo si arbab. Ni wakili. Nilibadilisha jina."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Ilipoita mara ya tatu aliidaka kabla mlio haujaisha.

"Dada, uko wapi?" Wakili alikuwa anahema. "Ukurasa wa themanini na nne, maneno ya jaji kwa wazee wa baraza, kwenye nakala yangu umetoka mweusi tupu! Nipigie picha wa kwako. Majaji wanaingia sasa hivi."

Tulilivuta sanduku, tukamwaga karatasi sakafuni. Themanini na mbili. Themanini na tano. Mama akipangusa jasho kwa kanga: "Yalla, mtoto, yalla!" Themanini na nne ilikuwa imeng'ang'ania mgongoni mwa themanini na tatu. Picha ya kwanza ikatoka ukungu. Ya pili ikakubali. Tiki moja. Tukaitazama ile tiki kama wagonjwa wanaosubiri dripu. Zikawa mbili. Zikawa buluu.

Zikapita karibu saa mbili nzima. Mama alipanga karatasi upya, moja moja, bila kunitazama.

Jina "Arbab" likawaka. Mama akaweka spika.

"Dada, majaji wameniambia niusome ule ukurasa mara mbili," wakili akasema. "Wamelishusha kosa. Ni kuua bila kukusudia. Kitanzi hakipo tena. Kifungo ni miaka kumi na tano, na aliyokwisha kukaa inahesabiwa."

Mama akateleza hadi sakafuni, akalia juu ya zile karatasi. Nikamletea maji. Akanywa, akafuta uso, na kwa mara ya kwanza toka asubuhi akanitazama.

"Si unaona, yameisha," nikawahi. "Na mimi pia, mama, sikukusudia."

"Mjomba wako ndiye hakukusudia. Wewe ulikaa, ukafuta jina, ukaandika lingine, ukacheka. Lete hiyo simu, niwapigie shangazi zako wote watatu wawe wazee wa baraza, na leo ile njia ya tatu, ya kutokusudia, sitaitaja."