Pazia la Sebuleni Gatumba

Binti yangu alikuja jikoni na kazi ya shule. Mwalimu wa Kiingereza alitaka waeleze kitenzi "decorate", kisha wakitungie sentensi.

"Mama, ni kupamba," akasema. "Unapamba keki, unapamba kanisa ku Noeli, unapamba salon ya nyumba. Mwalimu anasema unakamata kitu muzuri, unaongeza uzuri."

"Basi mwambie mwalimu aje hapa Gatumba," nikamjibu, "atuonyeshe hiyo kitu muzuri iko wapi."

Maskini, sikuwa nimemkasirikia yeye. Nilikuwa nimemkasirikia baba yake, aliyekuwa sebuleni juu ya kiti akipigilia misumari. Alikuwa amenunua pazia refu la manjano, lifunike dirisha na ukuta wa chini yake. Ukuta huo una mstari wa kahawia unaonifika kiunoni. Hapo ndipo maji ya mto yalipofika mara ya mwisho yalipotuingilia ndani. Kila mvua zikiisha mume wangu hupaka chokaa, na mstari hutokeza tena bila haya. Sasa ameona dawa ni pazia.

Mimi sitaki pazia, nataka tuhame. Dada yangu ametutengea vyumba viwili Kinanira, kule mlimani, na amechoka kuniuliza tunakuja lini. Nimemwambia huyu bwana tukila, nimemwambia tukitoka kanisani. Jibu lake ni moja: nyumba aliijenga mwenyewe, maji hayatarudi, basi. Ni kumpigia mbuzi gitaa.

"Mama watoto, njoo unishikie."

Nikaenda nimenuna. Nikashika upande mmoja, yeye akawa anapima. Pazia lilifika sakafuni vizuri, mstari ukapotea kabisa, na kusema kweli sebule ilipendeza. Nikachukia zaidi. Kumbe hakuwa amemaliza. Aliinama, akaanza kulikunja kutoka chini. Akakunja mpaka magotini, akakunja tena, mpaka mstari wote ukawa nje unatutazama.

"Utashona hapa," akasema, ameshika upindo juu kidogo ya ule mstari.

"Pazia iko murefu vizuri. Unaifupisha ya nini?"

"Isilowe."

Akalisikia mwenyewe neno lililomtoka. Akabaki ameinama hivyo hivyo, kitambaa mkononi, haniangalii. Binti yetu naye alikuwa amesimama mlangoni.

Nikaachia upande wangu, nikarudi jikoni, nikaanza kufunga masufuria ya kupeleka Kinanira. Hakuniuliza nafanya nini.