Jumamosi za Walimu Hotelini Kwangu

Mwalimu mkuu alimwambia mdogo wangu waziwazi: kama walimu wenzake watakuwa wamejua kutumia akili mnemba katika kazi zao kabla ya muhula kwisha, ataiomba bodi ya shule imwongezee mkataba. Wasipojua, hatakuwa na la kuiambia bodi.

Mdogo wangu ndiye kitinda mimba wetu. Wazazi walipofariki nilikuwa kidato cha pili. Mimi, dada mkubwa, niliacha shule nikaanza kukaanga samaki hapa sokoni Kombewa ili niwalee, na sijaacha kukaanga tangu hapo. Wengine wameshajitegemea. Alibaki yeye, nami nilikuwa na uchovu ambao usingizi hauuondoi. Nilitaka apate kazi ya kudumu, basi.

Stima ya shuleni haikuaminika, kwa hiyo Jumamosi aliwaleta walimu wenzake hotelini kwangu, kabla watu wa soko hawajaanza kuja kula. Mmoja wao alikuwa mwalimu wetu wa darasa la tatu, mama wa makamo wakati ule, sasa karibu anastaafu. Mdogo wangu alisimama kando ya friji ya soda akawaonyesha namna ya kuiuliza akili mnemba kwenye simu, namna ya kulipima jibu badala ya kulimeza, na kwamba wasiandike kamwe jina la mtoto humo ndani. Waliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeuliza swali. Mimi nilijua kwa nini. Wengi wao walimfuta kamasi huyu alipokuwa mtoto. Wangemwambiaje kwamba hawajaelewa?

Naibu wa mwalimu mkuu ndiye aliyefungua mdomo, na ilikuwa kwa mzaha, akinyooshea kidole samaki wangu. "Hii kitu yako imewahi kula ngege? Itafundishaje mtoto wa huku Seme?"

"Haifundishi, Mwalimu. Wewe ndiye unafundisha."

Walicheka, wakamaliza chai, wakaenda.

Wakati wa kuandika ripoti za wanafunzi ulipofika, walifanya kama wanavyofanya na kazi zote za kuandika pale shuleni: mwenye vidole vyepesi huwaandikia wenzake. Naibu aliiuliza simu yake mara moja, akatuma jibu kwenye kikundi cha walimu, na kila mtu akanakili. Hakuna aliyeona kosa, maana ndivyo wanavyosaidiana. Mwalimu mkuu alisoma darasa baada ya darasa akakuta kila mtoto ni mchangamfu, ana bidii, na wazazi wake wanaombwa wazidi kumsaidia nyumbani. Alimwita mdogo wangu akamwambia kama matunda ya mafunzo yake ndiyo hayo, heri wangeandika kwa mkono. Akazirudisha zote ziandikwe upya.

Mdogo wangu alikuja akaketi juu ya kreti jikoni. Hakulia. Aliniambia hajui kama kuna maana ya kuwaita tena. Nilimwambia awaite, chai nitapika.

Jumamosi iliyofuata aliwaambia wazilaze simu kifudifudi mezani. Akaomba kila mmoja amsimulie habari za mtoto mmoja, bila jina, kwa Kijaluo, vile wanavyosimuliana wakitoka shuleni jioni. Walianza polepole, kisha wakawa wanakatizana. Yule mwalimu wetu wa darasa la tatu alisimulia habari za msichana anayechelewa kila siku kwa sababu asubuhi anaanika dagaa wa omena ufuoni. Hesabu anaipiga haraka kuliko wote, lakini kusoma kunamshinda.

"Sasa iambie simu hayo hayo," mdogo wangu akamwambia.

Aliandika kwa kidole kimoja. Nilikuwa napita na sinia ya vikombe alipokunja uso akisoma jibu.

"Nyathina," alisema, yaani mwanangu, kama alivyotuita tukiwa watoto wake wa darasani, "hii imeandika mama amsomee kila jioni. Huyu mtoto hana mama. Analelewa na dada yake."

Nilisimama na sinia yangu. Hakuna aliyeniangalia, na nilishukuru kwa hilo.

"Basi iambie hivyo, Mwalimu," mdogo wangu akasema. "Usipoiambia haiwezi kujua."

"Naweza kuikosoa?"

"Lazima uikosoe."

"Mbona hukusema mapema? Mimi nimekuwa nikiiogopa kama inspekta wa shule."

Hapo naibu naye akageuza simu yake, akauliza yeye atafanyaje kwa mtoto asiyeongea darasani. Mwingine akauliza lake. Wateja wa soko walipoanza kuingia walimu walikuwa bado wanabishana na simu zao, ikabidi niwaombe wasogee meza moja.

Ripoti ziliandikwa upya, kila mtoto na yake. Mwalimu mkuu alizisoma, akapeleka ombi kwa bodi. Jibu lilikuja wiki ya kufunga shule: mdogo wangu ataongezewa muhula mmoja, kisha wataona.

Nilimwuliza kama hiyo ni habari njema.

"Ni muhula," akasema, akachukua kisu, akaanza kunisaidia kuparua magamba.