Karata Zilizogoma Kutoka Asubuhi

Jamani, leo karata zimeniumbua hapa Igogo.

Kiwanda chetu cha pamba kimepata tajiri mpya, na majina ya wanaopunguzwa yamebandikwa getini. Miguu imegoma kwenda kusoma.

Jirani kanifundisha mchezo wa kucheza peke yako: unashuka K, Q, J, kumi, nyekundu juu ya nyeusi. Nikaapa, zikikubali tu naondoka kwenda getini.

Tangu asubuhi nakwama kwenye J!
Kumi haionekani. Nikajua imejificha chini, nikapanga upya.
Mara saba!

Mke wangu akapita na ndoo, akacheka.
"Baba Neema, hizo si karata za mchezo wa albastini? Nane, tisa na kumi ulizitoa mwenyewe. Ziko kabatini."

Viatu nimevaa, bado nimekaa.

Mliokwishafika getini, jina langu mmeliona?