Kuku Ambaye Mama Alikataa Kumla

Mama alipotoka hospitali alitangaza kwamba hatakula tena kuku wangu. Alikuwa ameugua njia ya mkojo. Dawa ya kwanza iligoma, ya pili ikagoma, mpaka akatafutiwa sindano kali. Daktari alieleza kwamba vijidudu vya mwilini mwake vilishazoea dawa, akauliza kama tunafuga. Hakulaumu kuku, alisema tu kwamba vijidudu sugu huweza kutoka kwa mifugo vikawaingia watu. Mama akasikia alichotaka.

"Mimi sikulangi kuku ya dawa," akasema.

Iliniuma. Hapa Lurambi, mama akikataa ingokho, kuku wa mwanawe, afadhali angekuchapa. Nami hasira zangu ziko karibu. Kila mfugaji niliyemjua alitia antibiotiki kwenye maji ya vifaranga tangu siku ya kwanza, wawe wagonjwa au wazima. Kwa nini nisutwe peke yangu?

Nilimfuata daktari wa mifugo, mwanamke mcheshi, nikitaka aseme mama amekosea. Hakusema. Alinieleza kwamba kifaranga wa mashine huanguliwa tumbo likiwa tupu, hana mama wa kumwachia vijidudu vizuri, basi vibaya hukuta nafasi vikajaa. Ukitia dawa ovyo, hubaki vile vikaidi. Alitaka kinyesi cha kuku mwenye afya, kipimwe maabara kwanza, kisha kikorogwe kwenye maji ya vifaranga.

Kuku wenye afya ya kuaminika walikuwa wa kienyeji, wa mama. Nikaenda, uso nimeukaza, kumwomba mavi ya kuku. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba, umesoma yote hiyo, sasa unakuja kulisha vifaranga mavi?"

Lakini alinipa. Maabara ikasema kuku wake ni wazima, na kundi lililofuata nikalilea hivyo, bila dawa ya kinga. Sikuwa na amani. Kila asubuhi niliinama bandani kukagua kama wameharisha. Wachache walipokufa nilifika hadi mlangoni pa duka la dawa, nikageuka, nikijitukana njia nzima. Waliobaki wakanenepa, wakaanza kupigana na kunichosha kwa kelele. Nilifurahi kama mjinga.

Mama alipita tu bandani mara kwa mara, mikono mgongoni, akitazama.

Kisha wakwe wa dada yangu wakaja kututembelea. Kwetu, wakwe hawapikiwi kuku wa kubahatisha, na nilijua mama angechinja wa kwake. Nikiwa sebuleni na wageni, nilisikia purukushani bandani kwangu. Nilipochungulia, mama alikuwa anatoka amemshika miguu jogoo wangu mkubwa kuliko wote. Wala hakuniomba ruhusa.

Wageni walipokwisha kupakuliwa, alijichukulia paja, akaketi kando yangu. Sikuweza kula, nilikuwa namtazama yeye. Alitafuna polepole, akavunja mfupa, akafyonza uboho, kisha akanisukumia sahani yake, ugali umekwisha.

"Niongezee obusuma," akasema.