Nukta Mbili za Mama Mmoja

Saa nne na dakika kumi asubuhi niliunganisha michoro miwili ya mitandao kwenye R, lugha ya kompyuta ya takwimu niliyojifunza mwenyewe. Mmoja ulionyesha nani anajuana na nani mtaani kwetu Buyenzi, Bujumbura, mwingine mtaa wa Cibitoke; kila mtu alikuwa nukta. Vita vilifanya njia kuwa za hatari, na mashine ya kusaga iliyolisha nyumba ya shemeji yangu kule Cibitoke ilikuwa imekatika mkanda. Nilikuwa na mkanda wa zamani. Nilitafuta mtu anayeaminika pande zote mbili aupeleke. Programu huunganisha nukta zenye jina moja. Haikupata hata moja.

Mke wangu alileta chai, akagusa nukta mbili kwenye skrini, akacheka.

“Huyu mama huku tunamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kule wanamwita kwa jina la bwana yake. Mutu ni mumoja, baba!”

“R haijui hilo.”

“Itajulia wapi? Haikualikwa kwenye harusi.”

Nilizipa nukta hizo jina moja, nikaunganisha tena, na mitandao ikashikana. Yule mama alipeleka mkanda katika kikapu chake cha mboga, na jioni mashine ikasaga. Shemeji hakununua mpya; aliokoa faranga elfu kumi na nane.