Darubini Ukweni

Jamani, mie ukweni leo sijui nitakula kwa macho gani. Ranchi ya wazazi wa mke wangu Zuhura iko porini, mbali kupita Mbweni, na mie mtoto wa Sinza nilikuwaga sijui ndege zaidi ya kunguru. Asubuhi nikamwona mmoja: kifua cha zambarau, mabawa ya buluu kama kipande cha mbingu. Nikamfuata na darubini, nikitambaa majanini, moyo unanidunda. Akatua juu ya ua wa makuti. Nikasimama, machozi yananilengalenga, nikapaza sauti.

“Subhanallah! Uzuri gani huu! Geuka basi nikuone vizuri!”

Ndege akaruka. Ndani ya ua, kopo la kuogea likaanguka. Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe.

“Baba Zuhura, ni wewe?”

“Shikamoo, mama.”